Kilo za Koko

Dagaa mkavu wa Ziwa Kivu hana adabu. Mfunge kwenye karatasi, mzungushie kitambaa juu ya karatasi, mfiche katikati ya nguo za kanisani, bado ataitangazia nyumba nzima kwamba yupo. Sisi huku tunamwita sambaza. Wiki hii nimekaa sakafuni katika chumba cha bibi yangu, hapa Gisenyi, mbele ya sanduku lililo wazi, na harufu hiyo imenijaa puani kabla sijatia hata soksi moja. Jirani ameleta kifurushi cha kumpelekea mwanawe aliye Ulaya. "Ni muzigo kidogo tu," alisema, nami nikapokea, kwa sababu katika nyumba hii hakuna aliyewahi kujifunza namna ya kukataa mzigo kidogo.

Nimechoka. Nalisema mapema ili asiwepo wa kutegemea uchangamfu kutoka kwangu. Tumemzika bibi, wageni wamekula wakaondoka, viti vya kukodi vimerudishwa kwa mwenyewe, na kilichobaki ni mimi, sanduku, na ufunguo wa mlango wa mbele. Kaka yangu Pasifiki hupiga simu kila jioni kutoka Ubelgiji kuuliza kama nimeshafunga nyumba. Namjibu kwamba ndiyo nafunga. Kisha nakaa tena chini na kulitazama sanduku, nalo linanitazama.

Uchovu wa namna hii naujua tangu utotoni. Niliuona kwanza usoni mwa mama yangu, katika nyumba hii hii, siku zile tulipokuwa tukifunga mizigo kumfuata baba. Baba alikuwa ametangulia Ubelgiji kwa masomo, kisha akapata kazi, kisha akatuma habari kwamba sasa twende sote, na si safari ya kwenda na kurudi. Nilikuwa mdogo bado, meno ya mbele yameng'oka. Nilidhani mama amechoshwa na mizigo.

Bibi, mzazi wa mama, tulimwita Koko, kama wanavyoitwa mabibi upande wa pili. Upande wa pili maana yake ni Goma. Nyumba yetu ipo kwenye barabara inayopanda kutoka Grande Barrière, kituo cha kuvukia mpaka, na kila asubuhi wanawake walipita mbele ya dirisha langu na makarai ya kabichi na vitunguu kichwani, wakishuka kuwahi mpaka kufunguliwa. Koko alizaliwa kule, akaolewa huku, na ndugu zake wote wakabaki kule. Mama alizungumza Kinyarwanda na majirani, Kiswahili na Koko, na Kifaransa na Mungu. Koko alikuwa na Kiswahili chake cha Goma tu, na Mungu alilazimika kukielewa.

Koko alikuwa mtu mnene. Nasema bila kumkosea heshima, maana mwenyewe alijivunia. Alipokaa kwenye kochi, kochi lilijaa, na sisi wajukuu tulikaa juu yake. Alikuwa ndiye anayepika, anayekogesha watoto, anayejua mahali pa kila kitu. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna mahali naweza kulala ambapo yeye hayupo chumba cha pili akikoroma.

Basi mizigo ikaanza. Mama alieleza mara moja tu kwamba kila mtu ana kilo zake kwenye ndege, na kinachozidi kinatolewa na kuachwa. Hatukuwa na mizani. Mama Zawadi, jirani yetu mwuza sambaza aliyekuwa akinunua samaki kwa wavuvi wa Nyamyumba, akatuazima ya kwake: mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa, mshale mwekundu, na kulabu chini. Tuliifunga kwenye boriti ya jiko la uani. Kila jioni Mama Zawadi akirudi sokoni alikuja kuona inatumikaje, na harufu ya bidhaa yake ikaingia kwenye masanduku yetu mapema kabla ya samaki wenyewe.

Habari ilivuka mpaka haraka kuliko sisi. Kila mwenye mtoto, shemeji au mdeni wa salamu huko Ulaya alikuja na kifurushi. Mjomba Asumani, mdogo wake Koko, alivuka kutoka Goma na kofia yake nyeupe na mfuko wa unga wa muhogo mkubwa kama mto wa kulalia.

"Hii ni kitu kidogo, Mama Pasifiki," alimwambia mama. "Hata mu mufuko ya koti inaingia."

"Koti ya nani, Mjomba?" mama aliuliza.

"Basi, weka tu pembeni. Ni ya kijana yangu. Kule hawana unga, wanakula mukate asubuhi na mangaribi. Mutoto atakufa."

Mama alimtazama, akatazama unga, akasema, "Bon. Weka pale." Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mjomba Asumani alirudi Goma mikono mitupu, mwepesi, akipiga mluzi. Mama alilitundika sanduku kwenye kulabu, mshale ukapita mahali pake, naye akalishusha, akalifungua, akatoa pasi yake ya nguo. Siku iliyofuata ikaja pilipili ya shangazi mmoja, vikatoka viatu vya mama vya harusi. Ikaja sombe, yaani majani ya muhogo yaliyokaushwa, likatoka blanketi alilolifuma mwenyewe kwa sufu. Vyake vilikuwa vikirudi kabatini kimoja kimoja, na mama hakulalamika. Alikaa juu ya sanduku ili lifungike, na mara nyingine alisinzia pale pale juu yake, kichwa kimeegemea ukuta.

Nilikuwa nikitazama. Mtoto asiyeambiwa mambo hujielezea mwenyewe, na mimi nilijieleza hivi: kila kinachokwenda hupita kwenye mizani, na kitu kizito kikiingia, kingine hutoka. Kisha nikaona kwamba sanduku la Koko halipo. Lipo langu, la Pasifiki, la mama, na la unga wa mjomba, naam, hata unga ulikuwa na nafasi yake. La Koko halipo. Nguo zake zilikuwa bado kwenye kamba, taulo lake msumarini, na yeye mwenyewe alikuwa akipanda maharage kule nyuma, maharage ya kuvunwa sisi tukiwa tumekwisha kwenda.

Nilimuuliza Pasifiki. Alikuwa ameketi kibarazani anashona mpira wake.

"Koko haendi?"

"Kilo zimeisha," alisema bila kuinua kichwa. "Na mwili ile? Ndege itakataa."

Nina hakika alisahau maneno hayo kabla uzi haujaingia tundu la pili. Mimi yalinikaa. Na msinicheke kwa kuamini. Pale kituo cha afya nilikuwa nimeona watoto wachanga wakivalishwa kibukta cha turubai na kutundikwa kwenye mizani sawa na ya Mama Zawadi, wanalia huku miguu inaning'inia. Kwa hiyo nilijua kwamba hata watu hupimwa, na hupimwa kwa kulabu. Kwamba Koko amepimwa nisipokuwepo na kuonekana amezidi, hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa. La ajabu lilikuwa kwamba wakubwa wamekubali.

Mimi sikukubali. Kwanza nilitoa sweta langu sandukuni nikalirudisha kabatini. Mama alilikuta, akashika kipaji cha uso. "Kichwa yangu imeenda," alimwambia Koko, "nilijua hii nimeshaiweka," akalirudisha sandukuni. Nilitoa mwanasesere, akarudi. Nilitoa raba, zikarudi, na maskini mama akazidi kuamini kwamba akili inamtoka. Nikaona njia ya sanduku imeshindikana. Ikabaki njia ya mwili wangu. Nikipungua mimi, kilo nitakazoacha atazichukua Koko.

Nikaacha kula. Si kwa kelele. Bugali wangu nilimsogezea Pasifiki, ambaye hajawahi kuuliza chakula kimetoka wapi. Sambaza wa kukaanga niliwafumbata mkononi nikawapelekea kuku. Asubuhi nilikunywa chai kidogo nikamwaga nyingine kwenye maharage ya Koko. Njaa ilikuja, ikaondoka, ikarudi na ndugu zake. Nilikuwa nikijishika kiuno kuona kama kimepungua, na niliona kimepungua, nikafurahi.

Mama hakuona. Simlaumu hata chembe. Siku zile yeye na Koko walikuwa na namna ya ajabu ya kuishi: walizungumza kuhusu kamba, kuhusu kufuli, kuhusu nani atawalisha kuku, lakini hawakutazamana. Mmoja akiingia jikoni, mwingine alikumbuka kitu sebuleni. Niliona na hilo pia, na nikalitia kwenye hesabu yangu: wanaoneana haya kwa sababu ya kilo.

Koko ndiye aliyeona. Alinishika mkono wakati wa kunikogesha, akaugeuza kama anayechagua kuku sokoni. "Huyu mutoto hakule," alisema. Mama alijibu kutoka chumba cha pili kwamba ni wasiwasi wa safari. "Wasiwasi haikondeshe mukono hivi," Koko alisema, na asubuhi yake akafunga kitenge, akatia mayai kwenye kikapu, akanishika mkono tukaenda Nyamyumba kwenye maji ya moto.

Kwa Koko hapakuwa na ugonjwa ambao maji yale hayaujui. Tulipata lifti ya pikapu iliyobeba kreti za chupa tupu kwenda kiwanda cha bia, na kutoka pale tukatembea kando ya ziwa, Koko akisimama kila mahali penye kivuli kusalimu watu asiowajua. Kwenye chemchemi wazee walikuwa wamezamisha magoti, wanawake wanakanda migongo ya wenzao, na mvuke ulinuka mayai hata kabla ya yetu kuingia majini. Koko aliyatia kwenye wavu, akaufunga kwenye jiwe pale maji yanapochemka. Kisha akaniweka miguu kwenye dimbwi lililopoa kidogo, akakaa nyuma yangu.

"Sasa sema. Juu ya nini haukule?"

"Nimeshiba."

"Mutu hashibe na njaa, mama. Sema." Alituita wajukuu wake wa kike mama, wote.

Nilitazama miguu yangu majini. "Nataka nikuwe mwepesi. Ile kilo yangu itabaki, uichukue wewe."

Nilimsubiri acheke. Hakucheka. Aliniwekea mkono mgongoni.

"Nani alikuambia mi naachwa juu ya kilo?"

"Pasifiki."

"Pasifiki," alisema, kwa sauti iliyoonyesha kwamba Pasifiki amewekewa kiporo chake. "Sikiliza, mama. Baba yako alituma makaratasi ya wote. Yangu ilitoka pamoja na yenu, iko mu kabati. Ni mi nilikataa."

Hapo ndipo nilipoumia. Njaa yote ile haikuwa imeniuma hivyo. Mizani ikimkatalia mtu, unaichukia mizani. Lakini huyu alikuwa amekataa mwenyewe, kwa mdomo wake, na mimi nilikuwa nimewapa kuku samaki wangu kwa ajili yake. Nililia kwa hasira. Nilimuuliza kama hatupendi.

Alivuta wavu, akatoa yai, akalirusharusha kutoka kiganja hiki kwenda kile mpaka likapoa, akaanza kulimenya.

"Unakumbuka siku ile uliamuka ukakuta watoto ya Asumani wamelala mu salon, mupaka chini ya meza?"

Nilikumbuka. Tulikuwa tumecheza siku nyingi, shule yao imefungwa, tunakula kwenye sinia moja, tunalala kichwa na miguu. "Ilikuwa sikukuu," nilisema.

"Ilikuwa masasi. Kule Goma bunduki ilikuwa inalia. Asumani alivuka na miguu, mutoto mumoja mu mugongo, mwingine mu mukono, bila hata kiatu. Hakuuliza ruhusa. Alijua mulango iko wapi. Na wakati mulima ilitapika moto, ni vile vile, walikuja hapa. Donc sema wewe: sisi wote tukienda, watagonga wapi?"

Nilifikiri kweli, kwa sababu niliamini kwamba nikipata jibu zuri ataondoka nasi. "Kwa Mama Zawadi."

"Mama Zawadi iko na chumba moja, na imejaa sambaza."

Aliniwekea yai mkononi. Nilimchukia kwa muda mfupi, nikalila, na lilikuwa tamu mpaka nikaona aibu, nikala na mengine.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa jikoni uani na Mama Zawadi, wanapigana na sanduku la unga. Koko hakueleza kitu. Alivua kandambili, akaja hadi chini ya boriti, akashika kulabu ya mizani kwa mikono miwili.

"Nipimeni," alisema, akakunja magoti.

Mshale ulizunguka, ukafika mwisho wake, ukabaki pale unatetemeka. Boriti ililia. Masizi ya miaka mingi yalitushukia vichwani.

"Yewe, mizani yangu," Mama Zawadi alisema. "Ile ni ya sambaza, haiko ya ng'ombe."

Koko alirudisha miguu chini, akahema, akanigeukia. "Umeona, mama? Hata ukilala njaa mupaka Pasaka, haitatosha."

"Njaa gani?" mama aliuliza, na Koko akamwambia.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masanduku yashushwe kutoka darini. Alicheka mpaka akaishika nguzo, masizi kwenye nywele, na Mama Zawadi akacheka, na Pasifiki akaja mbio kuona kinachochekesha. Kisha kicheko cha mama kikabadilika bila kukoma. Alikaa juu ya mfuko wa unga wa mjomba Asumani, akafunika uso kwa kitenge.

"Twende wote, Mama," alisema ndani ya kitambaa. "Nimechoka kukuomba."

"Na mi nimechoka kukataa," Koko alisema.

Mizani ilikuwa bado inabembea. Nilimtazama mama akiwa amekaa pale chini, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kumbe halikuwa sanduku lililokuwa likimchosha. Alikuwa akiomba kila siku nisipokuwepo, na akikataliwa kila siku, halafu anatoka kuja kupima pilipili za watu. Koko alimwekea mkono kichwani, akampangusa masizi, akayapaka zaidi. Baada ya muda akasema, "Leta hiyo valizi tuifunge," na wakaifunga, mmoja amekaa juu, mwingine anavuta zipu.

Siku ya kuondoka Koko hakutufuata hadi kituo cha basi. Alisimama mlangoni. Mama alipogeuka mara ya mwisho Koko alimpungia mkono wa kumfukuza, kama mtu anayefukuza kuku, akaingia ndani. Huko Ubelgiji makoti yetu yalinuka sambaza msimu wote wa baridi, na unga ulikuwa umepasuka ukaingia hadi kwenye mifuko ya koti la Pasifiki. Maneno ya mjomba yalitimia, hata mfukoni mwa koti uliingia.

Miaka ikapita kwa simu. Zipo siku Koko alipokea akiwa na haraka, nyuma yake kelele za watoto na sufuria, akasema hawezi kuongea, nyumba imejaa watu, hata mikeka haitoshi. Mama alikata simu akawasha redio. Sisi tulisikia kwenye redio kilichotokea Goma, lakini tulikuwa tumeshajua kutoka jikoni kwa Koko. Zikapita siku za namna hiyo nyingi kuliko ambavyo mtu angependa, na mama hakumwomba tena.

Sasa mama ni mgonjwa wa miguu, hakuweza kusafiri kuja kumzika mama yake, na nimekuja mimi. Pasifiki anasema nifunge, tukodishe au tuuze, nyumba tupu ina faida gani. Ana haki. Mimi nina watoto huko, nina kazi, nina tiketi. Leo alasiri nilijilazimisha: nikaweka kifurushi cha jirani chini kabisa, nikakunja mashuka ya Koko niliyotaka kuyachukua yawe ukumbusho, nikafunga zipu. Nikabeba sanduku hadi jikoni uani nikatafuta kwa macho mahali pa kulitundika, kwa mazoea tu. Msumari tulioifungia mizani bado upo kwenye boriti. Nikarudi ndani, nikatoa ufunguo, nikaenda mlangoni kuujaribu, maana kufuli ya nyumba ambayo haifungwi hushika kutu.

Mtu aligonga nikiwa nimeushika.

Alikuwa msichana, mtoto mgongoni, godoro la sponji limekunjwa kichwani, vumbi hadi kwenye kope. Nyuma yake mtoto mwingine alishika pindo la kitenge chake. Sikumjua. Alisema ametoka mbali, mbali kuliko hata Goma, na kwamba mama yake ni binti wa dada wa fulani, akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia.

"Mama alisema nikifika mupaka niulize nyumba ya Koko," alisema. Alikuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo njia nzima ili asiyapoteze. "Ni hapa? Koko iko?"

Niliutazama ufunguo mkononi mwangu. Nyuma yangu sanduku lilikuwa limesimama sebuleni, limefungwa, kilo zake zimetimia.

"Iko," nilisema. "Ingia, mama."

Nikalipokea godoro, nikalilaza sanduku chini, nikalifungua, nikatoa mashuka.